Udaipur kwa siku 5 mkiwa na bibi: muanzie ngomeni, ziwani baadaye

SWALI: "Binti yetu anamaliza shahada yake Ahmedabad, India, na mahafali ni Januari. Tunatoka Mwanza mimi, mume wangu na mama mkwe mwenye miaka 71. Baada ya mahafali tutabaki na siku 5, na binti anataka kutupeleka Udaipur. Anasema kuna ngome, maziwa na mbuga. Mume wangu anataka kumwona simbamarara, mimi napenda historia, bibi hataki kuchoka. Tena sisi ni Waislamu, chakula kinatutia wasiwasi. Je, siku 5 zinatosha, na tuanzie wapi?"

JIBU: Dada, hongera kwa mahafali ya binti, na bibi mfikishie shikamoo yangu. Siku 5 zinatosha kwa sharti moja: msizimalize zote kando ya ziwa Pichola. Wageni wengi hufika Udaipur, wakachukua chumba chenye dirisha la ziwani, wakapiga picha za kasri jeupe lililo katikati ya maji, wakaondoka. Mji wameuona, lakini kilichowafanya watu wauanzishe mji huo hawakukiona. Hicho kiko kilomita 115 hivi upande wa mashariki, juu ya mlima wa Chittorgarh. Ndiyo maana nakuomba uende huko kwanza, kabla hata ya kununua tiketi ya kasri la Udaipur.

Suala la simbamarara tulimalize mapema. Porini karibu na Udaipur hayupo. Yule anayeonekana kwenye picha za Rajasthan, jimbo lenye mji wa Udaipur, akiwa amelala kwenye magofu, ni wa hifadhi ya Ranthambore, na kutoka Udaipur huko ni safari ya kutwa. Kwenda na kurudi kungewala siku 2 kati ya 5 bila uhakika wa kumwona. Kuna bustani ya wanyama chini ya mlima wa Sajjangarh, nje kidogo ya Udaipur, lakini mtu anayetoka Mwanza, Serengeti ikiwa jirani yake, sioni afuate nini kwenye uzio. Mume wako nina cha kumpa: chui, na mahali ambapo chui anaishi kwa namna ambayo hata Serengeti hajaiona. Nitafika huko.

Kutoka Ahmedabad hadi Udaipur ni kilomita 260 hivi, saa 4 hadi 5 kwa gari. Treni ipo pia. Njia ya reli ilipanuliwa na kufunguliwa tena mwaka 2022, na treni huondokea stesheni ya Asarwa. Kwa kuwa mna bibi, mimi ningekodi gari na dereva kwa siku zote 5. Mtasimama kwa choo na kwa swala mnapotaka, na mpango wangu wa siku ya mwisho hauwezekani bila gari. Mkubaliane mapema idadi ya kilomita kwa siku, nani analipa ushuru wa barabara, na dereva atalala wapi.

Siku ya kwanza msifanye kitu kikubwa. Mkifika, pumzikeni, kisha jioni nendeni Dudh Talai, upande wa kusini wa Pichola, mpande kile kigari cha nyaya kinachokwenda juu ya kilima cha Machla Magra. Bibi hatapanda ngazi nyingi, na mtauona mji wote kwa mara moja: ziwa, kasri refu ukingoni, na milima ya Aravalli imeuzunguka mji pande zote. Itazameni hiyo milima vizuri. Mji ulijengwa hapo kwa ajili yake.

Siku ya pili ondokeni saa 11 alfajiri. Kwenye barabara hiyohiyo ya Chittorgarh, mwendo wa saa moja hivi, kuna kijiji cha Menar chenye mabwawa ambayo wanakijiji wameyalinda kwa vizazi. Hakuna anayewinda ndege wala kuvua samaki humo. Wakati wa baridi mabwawa hujaa ndege wahamiaji: mabata bukini wenye mistari miwili kichwani, ambao huvuka milima ya Himalaya kuja huku, pamoja na mwari na heroe. Mwaka 2025 Menar iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Bibi anaweza kukaa kitako kwenye ukingo wa bwawa na kikombe cha chai, ndege wakamjia machoni bila yeye kunyanyua mguu. Januari ndio wakati wake.

Kisha Chittorgarh. Ngome hii si jengo la kuingia na kutoka kama Fort Jesus. Ni mlima mzima wenye kilele bapa, mita 180 hivi juu ya tambarare, eneo la hekta 280 hivi, na hadi leo kuna watu wanaoishi ndani yake. Barabara hupanda kupitia malango 7, moja baada ya jingine, na gari lenu litapita kwenye malango hayo hadi juu. Kwa bibi hii ndiyo ngome rahisi kuliko zote mtakazoziona: gari linasimama kwenye kila jengo, anashuka akitaka, asipotaka anabaki kivulini.

Chittor, ndiyo Chittorgarh hiyohiyo, ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Mewar chini ya ukoo wa Guhila na baadaye tawi lake la Sisodia, na ilivunjwa mara 3. Mwaka 1303 na Alauddin Khalji wa Delhi, mwaka 1535 na Bahadur Shah wa Gujarat, na Februari 1568 na Akbar, mfalme wa Mughal, baada ya kuizingira tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia. Kila mara, wanaume walipoona ngome haishikiki tena, walifungua malango wakatoka kwenda kufa vitani, na wanawake wakaingia motoni pamoja na watoto ili wasitekwe. Wao wanaliita jambo hilo jauhar. Waongozaji wengi hulisimulia kwa fahari. Mimi naomba mlisikilize kwa utulivu tu, maana waliokufa walikuwa watu, na hatujui ni wangapi kati yao walikuwa na uchaguzi. Ngome ilipoanguka mwaka 1568 Akbar aliamuru mauaji ya maelfu ya watu wa kawaida waliokuwamo ndani, na hilo nalo lisemwe.

Mtaonyeshwa pia kasri la Padmini, na mtaambiwa kwamba Alauddin alivamia kwa sababu aliona sura ya malkia huyo kwenye kioo. Kisa hicho kilipata umaarufu kupitia utenzi wa mwaka 1540, zaidi ya miaka 200 baada ya vita. Ni kisa kitamu, ila kichukueni kama utenzi. Muda wenu utumieni zaidi kwenye Vijay Stambha, mnara wa ushindi uliojengwa na mfalme wa Mewar, Rana Kumbha, mwaka 1448, wenye ghorofa 9 na urefu wa mita 37, nje na ndani umechongwa miungu ya Kihindu. Katikati ya sanamu hizo, kwenye ghorofa ya 3, limechongwa neno Allah kwa Kiarabu. Wakati mwingine ngazi za ndani hufungwa kwa wageni, kwa hiyo ulizeni kwanza.

Jirani na mnara teremkeni kidogo hadi Gaumukh, birika kubwa chini ya jabali ambapo chemchemi hutiririka kutoka kwenye jiwe mithili ya mdomo wa ng'ombe. Inasemwa kwamba zamani juu ya mlima huu kulikuwa na mabwawa na visima 84, na 22 hivi vimebaki. Hapa ndipo safari yenu inapoanza kuunganika. Sehemu hii ya Rajasthan hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Julai na Septemba. Anayeshindwa kuyashika maji ya miezi hiyo hana ngome wala mji. Ngome isiyo na maji haiwezi kustahimili kuzingirwa.

Sasa mtaelewa Maharana Udai Singh II, mfalme wa Mewar (maharana ni cheo chao cha ufalme), alikuwa anafanya nini. Mwaka 1559, kabla Akbar hajaja, alianza kujenga mji mpya upande wa magharibi, ndani ya duara la milima, kando ya bwawa ambalo mfanyabiashara wa nafaka wa jamii ya Wabanjara anasemwa kulijenga mwaka 1362. Alilipanua bwawa hilo, ndilo Pichola ya leo. Hakuna ziwa la asili katika mji huu, dada. Ninyi wa Mwanza mmezoea ziwa ambalo Mungu ameliweka na mtu akajenga kando yake. Huku kila ziwa ni ukuta wa mawe uliojengwa na mtu: Pichola, Fateh Sagar ambalo Maharana Fateh Singh alilijenga upya mwaka 1889 baada ya kingo kubomoka, na Swaroop Sagar linaloyaunganisha mawili hayo. Katika miaka ya ukame Pichola limewahi kukauka, watu wakatembea kwa miguu palipokuwa na maji. Januari, baada ya mvua nzuri, mtalikuta limejaa. Januari 2025 Udaipur ilitambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar kuwa mji wa ardhioevu, miongoni mwa miji 2 ya kwanza ya India kupata heshima hiyo, na nadhani ilistahili.

Siku ya tatu ni ya mji wenyewe. Kasri la Udaipur lilijengwa na maharana mmoja baada ya mwingine kwa karibu miaka 400, kila mmoja akiongeza chake, kwa hiyo ndani ni ngazi nyembamba, vijia vya kona na milango mifupi ya kuinamia. Hayo yalifanywa makusudi, adui asipite kwa wingi. Kwa magoti ya miaka 71 ni kazi nzito, na njia ni ya mwelekeo mmoja, ukishaingia kurudi nyuma ni taabu. Bibi akae na mmoja wenu kwenye uwanja wa mbele, kuna vivuli na mahali pa kukaa, wengine mwende kwa saa 2. Msikose tausi wa vigae kwenye Mor Chowk.

Alasiri pandeni boti. Zinazoondokea ndani ya eneo la kasri ni ghali. Kwenye gati za nje, kama Lal Ghat na Dudh Talai, bei ni nafuu na maji ni yaleyale. Lile kasri jeupe maarufu, Jag Niwas, lilijengwa miaka ya 1740 na sasa ni hoteli ya kifahari, mtalipita kwa mbali tu. Boti nyingi za kasri husimama kisiwa cha pili, Jag Mandir, na hicho ndicho nataka mkitazame. Miaka ya 1620 mwanamfalme Khurram, aliyemwasi baba yake Jahangir, alikimbilia Mewar na Maharana Karan Singh akampa hifadhi kisiwani hapo. Khurram ni mjukuu wa Akbar, yule aliyeivunja Chittor. Karan Singh ni mjukuu wa Maharana Pratap, yule aliyekataa maisha yake yote kumsujudia Akbar. Baadaye Khurram akawa Shah Jahan, akajenga Taj Mahal.

Nakueleza haya kwa sababu siku hizi mtasikia historia ya Mewar ikisimuliwa kama vita vya Wahindu na Waislamu, na familia yenu inaweza kujisikia vibaya. Wala haikuwa hivyo. Kwenye vita vya Haldighati, tarehe 18 Juni 1576, kati ya Akbar na Pratap, jeshi la Akbar liliongozwa na Man Singh wa Amber, Mhindu wa koo za wapiganaji za Kirajput kama Pratap mwenyewe. Upande wa Pratap, mmoja wa makamanda wake wakuu alikuwa Hakim Khan Sur, Mwafghani Mwislamu, na alifia hapohapo uwanjani. Muulizeni mwongozaji wenu kuhusu Hakim Khan Sur. Mzuri atafurahi mmeuliza.

Jioni ya siku hiyo, saa 1, kuna ngoma za Rajasthan kwenye uwanja wa Bagore ki Haveli, pale Gangaur Ghat. Fikeni mapema, viti vya mbele huwahiwa, na bibi atafurahia. Bustani ya Saheliyon ki Bari ni nzuri ila si ya lazima. Kasri la Sajjangarh mlimani, alilolianza Maharana Sajjan Singh mwaka 1884 ili atazame mawingu ya mvua yakiingia, lina mandhari ya kupendeza wakati wa magharibi, ila ndani ni tupu. Mkiwa mmechoka, liacheni.

Kuhusu chakula, ondoeni wasiwasi. Udaipur ina Mabohora wengi, ndugu wa wale wale wenye maduka mnaowajua Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, na wana mtaa wao, Bohrawadi, karibu na mji mkongwe. Huko na kwenye mitaa mingine ya Waislamu nyama halali hupatikana, na msikiti wa swala ya Ijumaa mtaupata kwa kuuliza. Kwingineko mikahawa mingi haipiki nyama kabisa, basi mle dal bati churma, yaani vitonge vya ngano vilivyochomwa, vikamwagiwa samli, na dengu kando yake. Mwambieni mpishi apunguze pilipili kwa ajili ya bibi. Mitaani mtatumia bajaji, na bei mpatane kabla ya kupanda kama mnavyofanya nyumbani.

Siku ya nne fungeni mizigo, msirudi tena Udaipur. Ondokeni saa 12 asubuhi kuelekea Kumbhalgarh, kilomita 85 hivi kaskazini. Rana Kumbha yuleyule wa mnara aliijenga ngome hii katika karne ya 15, kwenye urefu wa mita 1,100 hivi, na ukuta wake unazunguka milima kwa kilomita 36. Pamoja na Chittorgarh imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2013. Kwenye lango la Ram Pol bibi abaki chini, kwenye mahekalu ya karibu, ambako ukuta wenyewe unaonekana vizuri. Njia ya kwenda kasri la juu ni mteremko mkali, nusu saa ya kupanda kwa mtu mzima asiye na haraka.

Huku juu ndiko alikoletwa mtoto Udai, yule aliyekuja kujenga Udaipur. Mwaka 1536 jamaa wa ukoo wake aitwaye Banvir alimuua maharana huko Chittor, kisha akaja na upanga kumtafuta Udai, mdogo wa maharana huyo. Yaya aliyemlea, Panna, alimtorosha Udai ndani ya kapu, akamlaza kitandani mwanawe wa kumzaa, Chandan. Banvir alipouliza mwanamfalme yuko wapi, Panna akanyosha kidole. Akaiaga maiti ya mwanawe, akasafiri na mtoto wa watu hadi milango ya Kumbhalgarh ikamfungukia. Mwaka 1540 Udai alitawazwa, na mwaka huohuo mwanawe Pratap alizaliwa kwenye ngome hii. Bila yaya yule hakuna Udaipur, na kwangu yeye ndiye mtu mkubwa kuliko wote katika historia ya Mewar, kuliko hata Pratap mwenyewe.

Kuzunguka ngome kuna hifadhi ya wanyama ya Kumbhalgarh, kilomita za mraba 600 hivi za msitu mkavu, yenye chui, dubu, fisi wenye milia, sambari na swala wa pembe nne. Wanyama wapo, ila kuonekana ni bahati. Msipoteze asubuhi hapo. Shukeni Ranakpur, kwenye hekalu la Wajaini, waumini wa dini ya kale ya India, la karne ya 15 lenye nguzo 1,444 za marumaru, zote zimechongwa kwa namna tofauti. Wasio waumini huingia kuanzia saa 6 mchana. Mikanda, pochi na viatu vya ngozi viacheni garini, na mabega na magoti yafunikwe.

Kutoka hapo nendeni Jawai, saa moja na nusu hivi. Huku ndiko nilikomwahidi mume wako. Ni nchi ya majabali ya mviringo yanayofanana sana na yale ya Mwanza, na ndani ya mapango yake wanaishi chui. Wafugaji wa Kirabari, wenye vilemba vyekundu, wanachunga mbuzi chini ya majabali hayohayo, mahekalu yako juu yake, na chui hutoka jioni na alfajiri wakajilaza mwambani mbele ya watu wote. Chui huchukua mbuzi mara kwa mara, na bado Warabari hawamwindi. Bwawa kubwa la Jawai, lililokamilika mwaka 1957, lina mamba, na wakati wa baridi hujaa ndege. Kambi za mahema za huko ni ghali mno, lakini vijiji vya Bera na Sena vina nyumba za wageni za bei ya wastani, na wenyewe hupanga jipu. Siku ya nne jioni pumzikeni. Amkeni alfajiri ya siku ya tano kwa safari ya jipu, na vaeni masweta mazito, maana jipu ni wazi na Januari huko hupiga baridi ya kweli. Bibi alale. Mkirudi mle, muingie barabarani, na kabla ya usiku mtakuwa Ahmedabad.

Mambo ya karatasi: kila mtu awe na cheti cha homa ya manjano pamoja na pasi, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia India. Mnapopanga vyumba, binti aulize kwanza kama hoteli inapokea wageni wa nje, kwa sababu zinalazimika kuwaandikisha serikalini na baadhi ya ndogo hukataa mkiwa mmeshafika mlangoni. Na aulize kuhusu lifti au chumba cha chini. Nyumba za zamani za mji mkongwe zinapendeza sana, ila ngazi zake ni za mawe, ni wima, na mara nyingi hazina pa kushika.